Majani Tuliyokatazwa Kuchuma

Bado nakasirika nikiyakumbuka yale maharage ya kijijini kwetu Kagugu.

Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, na nafasi ya sekondari sikupata, kwa hiyo nililima na mama. Shamba letu lilikuwa dogo, limeinama kuelekea bondeni. Msimu ule mradi mmoja wa kilimo wenye ofisi mjini, Muhima, ulikuwa ukitafuta mashamba ya majaribio, na letu likachaguliwa. Mtu wao wa vipimo alikuwa kijana Mrundi. Mama alikulia Bujumbura, basi tangu siku ya kwanza waliongea Kiswahili na kucheka kama watu wa mtaa mmoja. Mimi nilijificha nyuma ya nyumba, kama kawaida yangu wageni wakija.

Alisema ofisini kuna kompyuta. Angeipa habari za mvua, jua, udongo na jinsi majani yanavyoongezeka, nayo ingesema mapema shamba litatoa maharage kiasi gani.

"Mama, miaka inayokuja hamtalima kwa kubahatisha," alisema. "Hujashika jembe, mashine imeshakuambia utavuna nini."

"Iulize basi na baba wa hawa watoto atarudi lini kutoka Zaire."

Alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akachomeka vijiti vyake vya kupimia shambani, akataja sharti. Mavuno yote yangekuwa yetu, na tungepewa mbegu za msimu ujao pia, lakini jani hata moja lisichumwe. Mama akakubali. Ilikuwa wakati wa kupanda, na maharage ya msimu uliopita yalikuwa bado chunguni.

Sijui waliopanga sharti lile walikuwa wanakula nini makwao. Kwetu maharage huanza kuliwa yakiwa bado majani. Akiba inapokwisha na maganda hayajafunga, kila nyumba huchuma majani machanga na kuyapika. Tunaita umushogoro. Unachukua jani moja au mawili kwenye kila shina, ncha unaiacha, na mmea unaendelea. Hicho ndicho chakula cha miezi ile.

Miezi ile ikafika. Kaskazini mwa nchi kulikuwa na vita na bei sokoni ilipanda. Majirani wakala umushogoro wao. Sisi, wenye shamba lililojaa majani kuliko wote, tukala viazi vitamu kwa chumvi. Jirani yetu alikuwa akisimama kwenye ua, anapaza sauti ili wapita njia nao wasikie:

"Jirani, hayo maharage yako ni maua ya misheni? Tuje kupiga picha?"

Mama alikuwa anacheka naye, lakini akigeuka uso unabadilika. Mdogo wangu wa mwisho akaanza kukataa viazi. Alikuwa akitia kimoja mdomoni, anakitema, analia. Siku alipokitema na kulala chini bila kulia, mama alisimama akaniambia, "Twende." Tukachuma kama watu wote wanavyochuma. Jioni ile tulikula, na siku zilizofuata tukarudia.

Yule kijana alipokuja na rula yake alichuchumaa kwenye mstari wa kwanza, akahamia wa pili, akainuka.

"Nani amekula majani? Mbuzi?"

"Mbuzi ni mimi," mama akasema. "Na hawa watoto wangu."

Safari hii hakucheka. "Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana nikiwa nimeshiba."

"Sasa shamba limeharibika."

Niliangalia shamba. Lilikuwa la kijani, maua yameanza kutoka. Neno lile likanipanda kichwani, na nikajisikia nasema, mimi ambaye hata kusalimia nilikuwa naona haya:

"Halijaharibika. Limeliwa. Andika kwamba tumekula."

"Dada, hakuna pa kuandika hivyo. Kompyuta inajua mvua, inajua wadudu. Watu wanaokula majani haiwajui."

"Basi ifundishwe."

"Siyo mimi niliyeitengeneza."

Mpaka leo sijamaliza hasira ya jibu hilo. Wametoka mbali kuja kutabiri chakula chetu, na hakuna aliyeuliza tunakula nini. Wanasema siku moja mashine hizo zitaamua tupande nini na lini, kila kilima. Huenda ni kweli. Lakini mashine ambayo ndani yake hakuna mtoto anayelia njaa itatabiri mavuno ya nani?

Kijana hakuwa mtu mbaya. Alishusha sauti. "Mama, naweza kuandika kwamba ni wadudu. Shamba litabaki kwenye majaribio na mbegu mtapata. Ila kuanzia leo mpaka kuvuna, msiguse jani."

Mama aligeuka kutazama nyumba. Mbegu nzuri tulizihitaji, na yeye alijua hilo kuliko mtu yeyote. Mdogo wangu alikuwa amekaa mlangoni anatutazama.

"Watoto wangu siyo wadudu," akasema mwishowe. "Ng'oa vijiti vyako."

"Mama, fikiri kwanza."

"Nimefikiri. Ng'oa, mwanangu."

Kijana alianza upande wa juu, akikung'uta udongo kwenye kila kijiti kabla ya kukitia mfukoni. Mama alipandisha kitenge, akaingia shambani upande wa chini na kuanza kuchuma, bila haraka, jani hapa, jani pale. Nikamfuata. Walipokutana katikati, kijana alisogea pembeni ili mama apite.