Mwalimu Dorotea na Wasichana wa Nyuma ya Maabara

Shule zilipofungwa ghafla ile Machi ya mwaka 2020, Dorotea Masele alikuwa mwalimu wa Baiolojia na mlezi wa wasichana kwenye sekondari ya kutwa tuliyokuwa tukifundisha wote, hapa Mwanza. Ulezi alipewa kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka. Mafunzo yake yote yalikuwa semina ya siku tatu.

Wiki sita baadaye mama yake alifariki kijijini, upande wa Magu. Waliomzika walikuwa watu tisa tu, wamesimama mbalimbali, na jioni hiyohiyo akarudi mjini. Hakulia. Nilipompigia kumpa pole, alinijibu kwa sauti ileile aliyokuwa akiniulizia chaki. Baadaye aliniambia kwamba siku zile alikuwa kama aliyechomwa sindano ya ganzi mwili mzima. Anafua, anaanika, anaanua, halafu hakumbuki kama amefua.

Kazi haikuwepo, kwa hiyo akachukua daftari la namba za wazazi akaanza kupiga simu, msichana mmoja mmoja wa kidato cha tatu. Wengi hawakupatikana. Waliopatikana walikuwa wanauza nyanya au wanalea wadogo zao, wakasema wako salama. Alipofika kwa binti anayeitwa Kija, simu ilipokelewa na mama yake, Selina.

"Huyu mtoto amekuwa mvivu, Madam. Tangu tumzike baba yake analala tu. Njoo umseme, labda wewe atakusikia."

Baba yake Kija alikuwa fundi viatu. Aliingia hospitali akikohoa, na siku ya nne akapelekwa makaburini kwenye jeneza ambalo hakuna wa nyumbani aliyeruhusiwa kulifungua. Majirani hawakuja msibani. Waliokuwa na safari ya kupita hapo walipita njia nyingine.

Dorotea akaenda Mkuyuni, akapanda mpaka juu kwenye mawe iliko nyumba yao, barakoa ya kitenge usoni. Alimkuta Kija amelala kwenye mkeka, uso umeelekea ukutani.

"Shikamoo Madam," Kija alisema bila kugeuka.

"Marahaba."

Alikuwa amejiandaa kumsema kama alivyoombwa. Maneno hayakuja. Hakuona huruma, hakuona hasira. Akavuta kigoda karibu na mlango, akakaa saa nzima, kisha akaaga na kusema atarudi Ijumaa. Akarudi. Ikawa ndiyo desturi, Jumanne na Ijumaa. Selina, ambaye alikuwa akichambua dagaa wake uani, hakuelewa kwa nini mwalimu wa kutoka Pasiansi, upande wa pili wa mji, anapanda mawe yote yale kuja kunyamaza.

"Mbona humsemi?" alimuuliza siku moja.

"Nitamsema, mama Kija."

Wiki ya tatu Kija mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Madam, ni kweli mama yako amefariki?"

"Kweli."

"Ulilia?"

"Hapana."

"Hata mimi. Mama anasema sikumpenda baba."

"Mimi mwenyewe sijui nina nini," Dorotea alisema. "Sisikii kitu."

Kija akageuka, kwa mara ya kwanza, akamtazama. "Sasa ukiwa hivyo unafanyaje?"

"Nalala. Wewe je?"

"Mimi natamani nilale nisiamke."

Ile semina Dorotea alikuwa ameshaisahau karibu yote, lakini hili alilikumbuka: neno kama hilo likisemwa, usilipite, uliza waziwazi.

"Kija, unafikiria kujiua?"

Mtoto aliinuka akakaa kwenye mkeka. Kisha akasema ndiyo, tangu mwezi uliopita.

Moyo wa Dorotea haukwenda mbio hata kidogo, na aliniambia kwamba hilo lilikuja kumtisha baadaye kuliko jibu lenyewe. Alimwambia Kija kwamba jambo hili mama yake lazima alijue. Akamwita Selina ndani, akamweleza bila kuzunguka. Selina kwanza alikataa kuamini. Halafu ungo ukamponyoka, dagaa wakamwagika sakafuni.

"Mimi nilidhani uvivu," alisema.

"Asiachwe peke yake. Na dawa zote zilizomo humu ndani nipe, niondoke nazo."

Hawakungoja kesho. Walichukua bodaboda wakaenda wote watatu hospitali, kwenye chumba cha mwisho cha korido, kwa nesi wa afya ya akili aitwaye Yasmin. Aliongea na Kija peke yake, kisha akamwita Selina akamwambia kuwa binti yake anaumwa, si mvivu, na kwamba ugonjwa huo unatibika. Awe anakuja kila wiki. Halafu akamgeukia Dorotea.

"Na wewe, Mwalimu, unaendeleaje?"

"Sijambo."

"Sikukusalimia. Nimekuuliza."

 Wiki iliyofuata Dorotea alipomsindikiza Kija, naye aliingia kwa zamu yake.

Siwezi kusema walipona haraka. Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, Kija hakuja. Alikuja wiki ya pili, akatoka katikati ya kipindi cha Hisabati, Dorotea akamfuata wakakaa nyuma ya maabara. Wasichana wengine wawili wakaanza kuja hapo, mmoja akisema amechoka tu. Kufikia Agosti walikuwa tisa. Hakuwapa mawaidha. Aliwauliza wamelalaje, wamekula nini, nyumbani yuko nani. Mwenye kuhitaji zaidi, alizungumza na wazazi wake kisha akampeleka kwa Yasmin.

Nilimuuliza wakati huo kama na yeye anaona nafuu.

"Kuna siku," alisema. "Juzi mtu alinipita kwenye foleni ya maji nikakasirika. Nilikasirika kweli! Nikaenda nyumbani nimefurahi."

Kija alimaliza kidato cha nne, hakufaulu sana. Sasa anashona sare za shule Mirongo, na kliniki bado anakwenda mara mojamoja. Mwaka jana Dorotea alihamishiwa kisiwani Ukerewe. Wasichana wa nyuma ya maabara, ambao kila mwaka huja wapya, aliniachia mimi, mwalimu wa Jiografia. Nilimwambia sijui nitawaambia nini. Akasema hata yeye hakuwahi kujua, akanipa namba ya Yasmin, akaenda kuwahi meli.