Haragwe Moja kwenye Sahani ya Wifi

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikimbilia kwetu Kamina vita vilipokaribia kwake Kaniama. Nilimpa kitanda changu. Nasema hivyo ili mtu asidhani nilimchukia tangu mwanzo.

Binti yangu alikuwa na miaka mitano na hakuwa akisema. Neno usonji tulilisikia baadaye sana. Wakati ule tulijua tu kwamba anapenda mambo yake yaende vilevile. Nikichambua maharagwe uani, yeye alikaa kando ya ungo akiyapanga mstari kwenye saruji, akiimba wimbo wake usio na maneno. Alikuwa mtoto mtulivu.

Halafu ghafla akageuka. Alijipiga kichwa. Aliniuma mkono nilipotaka kumsuka. Hakulala, na ungo hakuutazama tena. Mume wangu alisema ni vita, watoto wote wamevurugika. Wifi hakukubali. Aliongoza kikundi cha maombi cha akina mama waliokimbia, na kwake kila jambo lisiloeleweka lilikuwa na jina moja tu: bulozi, yaani uchawi. Kila asubuhi alimshika mwanangu, akamwinamisha kichwa na kumtilia maji ya maombi masikioni, eti pepo asikie amri atoke. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Kwa wifi, kilio kile kilikuwa ushahidi.

Siku moja akaniambia mbele ya mume wangu, "Kesho tutamupeleka ku chumba ya maombi. Siku tatu, bila kula, bila kunywa. Ukikatala, bantu batajua weye njo ulimupa bulozi."

Mume wangu alitazama chini. Hilo nalo sijalisahau, lakini zamu yake si hii.

Jioni ile niliacha kusikiliza watu wazima, nikamtazama mwanangu. Alijipiga upande wa kushoto tu. Alilaza sikio la kushoto kwenye saruji iliyopoa, akatulia kidogo, kisha akaanza tena. Kulipokucha, kabla wifi hajaamka, nilimbeba hadi zahanati.

Muuguzi alitoa haragwe. Lilikuwa limevimba na kupasuka, likianza kuota, na usaha ukalifuata. Alisema watoto hujitia vitu masikioni kila siku, na kama lingebaki kavu lingetoka bila shida. Akauliza ni nani aliyekuwa akilitia maji.

Nililiosha haragwe lile. Mchana nilimpakulia wifi bukari yake, ule ugali wetu, nikaliweka juu.

"Pokea, mama," nikamwambia. "Njo ile pepo yenye ulikuwa unamwangia maji."

Chumba cha maombi hakikutajwa tena. Tangu hapo, kila nilipompakulia, niliweka juu ya chakula haragwe moja bichi. Aliliondoa, akaliweka ukingoni mwa sahani, akala. Mume wangu aliniomba niache. Sikuacha hata siku moja, na kila siku nilifurahi.

Binti yangu alipoa, akarudi kwenye ungo wake na wimbo wake. Sikio la kushoto ndilo halikurudi. Nililigundua nikimwita kutoka upande ule bila yeye kugeuka. Sikumwambia mtu.

Barabara ilipofunguka, wifi alifunga mzigo. Mtoto alikuwa uani akipanga maharagwe. Wifi akapiga magoti kando yake, upande wa kushoto, akamwita taratibu, akamwomba amsamehe. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena na tena. Mwishowe akasimama, uso umelowa.

"Ananikatala," akaniambia.

Ningeweza kumwambia azunguke upande wa pili. Nilichukua mzigo wake, nikamsindikiza mpaka barabarani.