Mizani Isiyoharibika

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani hawakuwahi kuuza kompyuta Ziba.

Niliwafungia wakulima wa pamba wa kule mizani iliyounganishwa na kompyuta: gunia likipandishwa, uzito unaingia wenyewe na stakabadhi inatoka. Haikuwahi kugoma, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kwenda. Nilikaa zangu Chemchem, mjini Tabora, nikipokea malipo ya huduma kila msimu. Malipo hayo ndiyo yaliyoiweka ofisi yangu wazi, maana wateja wengine walikuwa wa kubahatisha.

Kisha chama chao kikaungana na cha kijiji jirani, kilichokuwa na mizani ya jamaa mmoja wa Nzega. Ikabidi kamati ya pamoja ichague moja. Sikuogopa. Mizani ya yule jamaa ilikuwa inazimika wakati pamba imejaa uwanjani, na wakulima wanalala juu ya magunia wakimsubiri. Kila mtu alilijua hilo, na mwenyewe hakulikana.

Kikaoni niliwauliza wajumbe ni lini mizani yangu iliwahi kuwaangusha. Wakasema haijawahi. Nikaketi nimeridhika. Mwenzangu aliposimama hakueleza kitu cha maana. Alimuuliza mwenyekiti hali ya mgonjwa wake, akamuuliza katibu kama yule ng'ombe aliyevunjika mguu amepona, akamtania mama mmoja wa kamati kwamba safari hii mlenda wake autie chumvi. Wote wakacheka. Ndipo nilipoelewa. Kila mizani yake ilipokufa, bwana huyu alikuja, akala kwao, akazika nao. Mimi sikujua hata mwenyekiti anakaa upande gani wa barabara.

Mwenyekiti, mzee mpole, ndiye aliyenipa uamuzi.

"Mashine yako haina neno, baba. Lakini ni chuma, iko siku itakufa. Siku hiyo tutamwita nani? Huyu tukimpigia anakuja, tumemwona. Wewe hatukujui. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Nikamwambia hawanijui kwa sababu hawajawahi kupata shida. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyotaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaagiza niletewe chai na viazi vitamu. Watu wabaya ningejua namna ya kugombana nao. Hawa walikuwa wananikaribisha nile.

Nyumbani mke wangu aliniuliza kwa nini sikuwa naiharibu mizani kidogo kila msimu, nikapate na mimi kujulikana. Alikuwa anatania, lakini tulikuwa tunashusha kibao cha ofisi, na sikuweza kucheka.

Nilirudi Ziba kuing'oa wakati ununuzi umeshaanza. Foleni ilikuwa ndefu na mizani ilikuwa kazini. Katibu aliniomba nisubiri wamalize mkokoteni uliokuwa unapimwa, nikasubiri. Kisha nikazima. Mama mtu mzima aliyekuwa anafuata alikuwa ameshainua gunia lake. Nilimwamkia, akaitikia, akaitazama skrini.

"Imeharibika?"

"Hapana, mama."

"Sasa mbona umeizima?"

Nilimweleza kwamba kamati imechagua nyingine, na fundi wake yuko njiani anatoka Nzega. Akalishusha gunia, akatazama barabara, kisha akanitazama mimi.

"Basi si uiwashe kwanza nipime, mwanangu, nikawahi nyumbani."

Katibu alitikisa kichwa kukataa. Nikaendelea kufungua skrubu.