Kipande cha Kanga Kilichokwenda Bombay

Wiki nzima nililala vibaya kwa sababu ya swali ambalo ningeona haya kulisema mbele ya watu. Siku ile nilipompa shoga yangu kipande cha kanga ya bibi, nilitamka kwamba ni zawadi, au nilikiweka tu mikononi mwake nikategemea ataelewa? Ikiwa nilitamka, basi yeye ndiye aliyenikosea. Ikiwa sikutamka, kosa ni langu, na hasira yote niliyokuwa nayo haikuwa na pa kukaa.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia na kupata kazi katika ofisi ya bima, Ruwi, mtaa wa maduka mjini Maskati. Kila asubuhi baba alinivusha mlima kutoka nyumbani kwetu Al Amerat na kunishusha mlangoni. Meza yangu ilitazamana na ya binti wa Kihindi aliyezaliwa Maskati kama mimi, na wa rika langu. Tulizungumza kwa Kiingereza cha ofisini, Kiarabu cha madukani na Kihindi nilichokiokota kwenye sinema. Kiswahili alikuwa na neno moja tu, "shoga", alilolipata kwa mama yangu siku ya kwanza alipokuja kula kwetu. Alipenda namna mama alivyolitamka. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina tena.

Yeye ndiye aliyenifundisha kununua nguo. Mimi nilikuwa mtu wa kusimama mbele ya rafu nusu saa, kisha nikatoka mikono mitupu na njiani nikajuta. Alhamisi tulikuwa tunafunga saa saba mchana, naye alinikokota duka hadi duka. Alikuwa akichukua jora zima la kitambaa na kulipeleka mlangoni kwenye jua, kwa sababu taa za dukani, alisema, ni mashahidi wa uongo. Alifinya pembe ya kitambaa ndani ya ngumi, akahesabu kumi, akatazama kimekunjana vipi. Kitambaa alichokitaka hakukitaja kwanza. Aliulizia vitatu asivyovitaka, akavikunjia uso, ndipo akagusa cha nne kama aliyekutana nacho kwa bahati mbaya.

Mama wa mabinti wa Kihindi wa Ruwi walikuwa na desturi zao: sari za harusini, na vile vitambaa vya shalwari vinavyouzwa vitatu vitatu, wakavipeleka kwa fundi yule yule na mshono ule ule wa miaka yote. Mabinti walitaka kurti, gauni fupi la kuvalia juu ya jinzi, ambalo unaweza kwenda nalo ofisini, ukapitia sokoni, ukaingia nalo sinema. Filamu mpya ikianza kuonyeshwa, wiki ya pili mafundi walikuwa wanaletewa picha zilizokatwa kwenye majarida. Msimu mmoja kila mtu alivaa kijani cha kasuku. Msimu uliofuata hakuna aliyethubutu.

"Hiyo si ya mwaka jana?" ndilo lilikuwa tusi lao kubwa, nalo lilisemwa kwa sauti ya huruma.

Lakini nguo bora hazikutoka madukani. Binti akienda likizo India, aliondoka na sanduku lililo nusu tupu akarudi na matatu. Kisha Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, aliwaita wenzake nyumbani. Kitanda kilitandikwa shuka jeupe, nguo zikamwagwa juu, na mabinti kumi wakajibana chumba kimoja wakivua, kuvaa na kununua. Hakukuwa na tangazo, ni simu tu. Ukipigiwa, wewe ni wao. Usipopigiwa, unaziona nguo Jumamosi kazini kwenye miili ya wengine. Mimi nilikuwa napigiwa, Muomani peke yangu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikishika kurti moja mpaka wanichoke.

"Mtazameni," shoga yangu aliwaambia. "Anasoma nguo kama mkataba wa bima. Shoga, chini hakuna maandishi madogo!"

Nilicheka kuliko wote. Sidhani kama nilipata kufurahi mahali pengine kama nilivyofurahi pale.

Bibi yangu alifariki mwaka huo. Alikuwa amekuja Maskati kutoka Unguja na sanduku la kanga, na baada ya arubaini wanawake wa nyumba walikaa kuzigawana. Mimi nilipata doti moja ambayo hakuwahi kuikata, bado ina ugumu wa upya wake baada ya miaka yote ile: nyeupe, pindo la vishada vya karafuu vyekundu na vyeusi, na jina lake, SUBIRA YANGU HAIJANIPONZA. Sijaiona kwa mtu mwingine yeyote. Kwetu doti ni kanga mbili, na mwenye kumpenda mtu kwa dhati huikata kati, moja akabaki nayo na moja akampa mwenzake. Mama na shoga yake wa Unguja walifanya hivyo usichana wao, na hadi leo mama akitaka kumtaja humwita "mwenzangu wa doti".

Nikaikata. Mchana wa kuamkia safari ya shoga yangu kwenda Bombay nilikwenda kwao na kipande kimoja ndani ya bahasha ya ofisi. Nilikuwa nimetayarisha maneno, njia nzima nikiyarudia. Nilipofika, chumba kilijaa. Mabinti wote walikuwa wameleta vitambaa vyao: huyu anataka mtandio wa rangi hii, yule anataka utepe wa kushabihiana na hiki. Ilikuwa desturi yao, kila anayesafiri hupewa sampuli. Maneno yangu yakaniona haya. Nakumbuka nilisema, "Hii ilikuwa ya bibi yangu." Nakumbuka alikifungua, akakipeleka dirishani kwenye jua kama kawaida yake, akasema, "Maridadi mno, shoga." Niliongeza nini baada ya hapo? Ndipo kumbukumbu inapokatika.

Alirudi baada ya wiki nne. Nilingoja simu ya Ijumaa. Alhamisi kazini nikamuuliza mwenyewe, nikijifanya sijali.

"Hakuna kitu safari hii," akasema. "Shangazi yangu amefikia kwetu na watoto wake, nyumba haina nafasi."

Nilimwamini. Nikampa hata pole.

Jumamosi asubuhi nilipanda lifti na binti wa mapokezi, mmoja wa wale wa Ijumaa. Alikuwa amevaa kurti nyeupe juu ya jinzi, na kwenye upindo wa kurti, kuzunguka mapaja yake, vilipita vishada vya karafuu vyekundu na vyeusi. Nilidhani macho yangu yananidanganya. Kisha akainua mkono kubonyeza kitufe, na kwenye mkono wa nguo, kwa herufi kubwa nyeusi zilizokatwa na mshono, nikasoma: RA YANGU HAIJA.

"Umeipenda?" akaniuliza. "Zilikwisha jana hiyo hiyo! Amechapisha mwenyewe Bombay, hakuna mwenye mtindo huu. Na wewe homa imepungua?"

"Homa gani?"

"Alituambia hukuweza kuja, una homa."

Mpaka mwisho wa wiki nilizihesabu saba. Mbili ofisini kwetu, moja benki, nyingine Ruwi barabarani, zikipita kwa furaha na jina la kanga ya bibi limekatwakatwa mabegani na vifuani. Watu walizisifu. Na mimi, niliyekuwa nakaa meza inayotazamana na yake, nilimwamkia kila asubuhi, nikarudi nyumbani na kuanza upya: nilisema zawadi, au sikusema? Kwao, kitambaa anachopewa msafiri ni agizo. Mimi mwenyewe nilikwenda siku ya maagizo, nikakitoa kati ya maagizo. Labda alidhani nimemletea sampuli. Labda hata alitaka kunifurahisha.

Nilimweleza mama alipokuwa anachambua mchele. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Sasa we unataka nini?" akaniuliza.

"Nataka anirejeshee."

"Ala! Kitu ukishakitoa kimetoka. Mtu hadai zawadi, mwanangu, hiyo ni fedheha. Utaambiwa mnyimivu."

"Na kama hakujua kuwa ni zawadi?"

"Basi hujapata hasara, umepata somo." Akapepeta mchele. "Lakini nnakuuliza kitu kimoja. Kama hakujua, hiyo homa alikuzulia ya nini?"

Siku zote zile nilikuwa nazunguka maneno yangu mimi, nilichosema na nisichosema, na sikuwahi kukaa na maneno yake yeye. Mwenye kudhani amefanya agizo hulileta kwa mwenye kuagiza. Huita wa kwanza yule aliyempa kitambaa. Hamzulii shangazi huku akamzulia homa kule.

Ijumaa nilimwomba baba anipeleke Ruwi, nikapanda ngazi hadi kwao. Alifungua mwenyewe. Hakukuwa na shangazi wala watoto, na hakuonekana kushangaa kuniona.

"Shoga! Nimekuwekea moja," akasema haraka, hata sijavua viatu. Akaingia chumbani, akatoka na kurti iliyokunjwa vizuri. "Saizi yako. Sikumpa mtu."

"Kwa nini hukuniita?"

"Kulikuwa na fujo…"

"Uliwaambia nina homa."

Alikaa kwenye kochi na ile kurti mapajani. Alikuwa anapiga pasi ukosi wake kwa kiganja.

"Nilijua ungesema hapana," akasema mwishowe. "Siku ile uliponiambia ni ya bibi yako, nilijua. Ningekuuliza ungefikiri mwezi mzima, kisha ungesema hapana. Na ilikuwa nzuri, yaani, nzuri mno kukaa sandukuni. Angalia wanavyoipenda!"

Kwa hiyo aliyajua yote kuanzia pale dirishani.

"Nataka kipande changu," nikasema. Safari hii maneno yalitoka yote.

"Si ulinipa?"

"Nilikupa. Sasa nakitaka."

Alinitazama kama wanavyomtazama mtu aliyevaa nguo ya mwaka jana. Kisha akainuka. Nilimsikia akifungua kabati na kusogeza vitu. Alirudi na kanga. Pembe moja ilikuwa na namba za kalamu ya wino za mtu wa kuchapa, na katikati, kwenye mji wake, kulikuwa na mistari ya chaki. Aliiweka juu ya kurti, akaninyooshea vyote viwili pamoja.

"Chukua na hii basi."

Nilichomoa kanga kutoka juu. Kurti nikamwachia mikononi mwake, nikafungua mlango mwenyewe, nikateremka ngazi hadi kwenye gari la baba.

Jumamosi asubuhi, kabla hajafika, nilimwomba mkuu wa ofisi ruhusa ya kuhamia meza ya dirishani. Akakubali. Nikabeba mafaili yangu, mara mbili, mpaka yakaisha.