Kitovu Changu Kiko Hoteli ya Mnara

Wanangu, Hoteli ya Mnara, ile ya mawe ya baharini inayotazama uwanja wa mji mkongwe wa Jeddah, ina mambo mawili ya maana. La kwanza ni madirisha yake ya mbao. La pili ni miye, Soud, bawabu wake.

Hoteli aliijenga tajiri mmoja kwa ajili ya mahujaji. Wazee wetu walipokimbia Unguja mwaka wa sitini na nne, mama alipata kazi ya kufua mashuka humo, na uchungu ukamkuta humo humo. Shule niliiacha mapema, shule yenyewe ikashukuru, lakini historia ya hoteli naimwaga kama maji. Wageni nilikuwa nikiwaambia: "Chini ya kizingiti hiki ndipo kilipozikwa kitovu changu. Tajiri mwenyewe ndiye aliyeshika jembe!" Wanapiga picha, nami nimesimama pembeni, tumbo nimelivuta ndani.

Mwaka jana hoteli ikauzwa. Bosi mpya, Salem, akaja kutoka Riyadh. Mlangoni akataka vijana. Miye nipelekwe huko kwao, Al-Sulay, nikalinde ghala la matairi.

"Bosi," nikamwambia, "mtu hang'olewi kilipozikwa kitovu chake. Muulize mama yangu mdogo, Bi Saleha."

Nilijua Bi Saleha atanibeba. Akaja na mkongojo wake, akasikiliza habari za kizingiti, kisha akanipandisha na kunishusha kwa macho. Akajibu kwa Kiarabu, makusudi, bosi asikose hata neno.

"Kizingitini? We Soud, huna haya! Nilikizika mwenyewe, nyuma, kwenye banda la punda wa maji. Na punda akanipiga teke."

"Banda liko wapi sasa, mama?" akauliza bosi.

Bi Saleha akanyoosha mkongojo. Choo cha wageni.

Bosi alicheka hadi akakaa chini. Miye moyoni nilishaanza kunusa matairi.

"Halas, yamekwisha," akasema, akifuta machozi. "Kila hoteli mjini hapa inasema mfalme alilala kwake. Hadithi ya punda ninayo peke yangu. Baki. Ila utasimulia kama alivyosimulia mama."

Basi nipo. Nawaonyesha wageni madirisha, kisha nawaongoza hadi mlango wa choo, nawapa habari za punda na teke lake. Wanapiga picha.

Tumbo bado nalivuta ndani.