Ukurasa wa Shukrani

Steshenari iliyo mkabala na geti la chuo chetu, huku Boko, inauza kalamu, inatoa kopi, inatia ripoti majalada magumu, na kwa anayejua kuuliza vizuri, inauza ripoti zenyewe. Hakuna mwalimu asiyelijua hilo. Ripoti ya mtu wa zamani inafunguliwa kwenye kompyuta, jina lake linafutwa, jina la kijiji linabadilishwa kwa mkupuo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mteja anarudi jioni kuchukua utafiti wake ukiwa bado wa moto.

Kwa hiyo siku niliposoma kwamba wavuvi wa Kimbiji huvua sato na sangara, na kwamba jioni ng'ombe huteremka ufukweni kunywa maji, sikuhitaji mtambo wa kunifumbulia wizi. Kimbiji iko Kigamboni, baharini, na maji yake ni chumvi tupu. Kuna mwanafunzi aliwahi kuandika juu ya kijiji cha ziwani huko bara, na sasa ziwa lake lote lilikuwa limehamishiwa pwani. Nilicheka peke yangu ofisini. Kisha nikakumbuka kwamba binti aliyeileta ripoti hiyo ni mzaliwa wa Kimbiji, na kicheko kikanikauka. Mtu amezaliwa pale, amekulia pale, na hakufungua hata ukurasa mmoja kuona wamepafanya nini kwao.

Mimi ni mwepesi wa hasira, na hakuna kinachonipandisha kama kazi ya kunakili. Mwenzangu tunayetumia naye ofisi, ambaye hasira zake zilikwisha zamani, alinishauri kama anavyonishauri siku zote.

"Mpe supu, aiandike upya, yaishe. Ukiipeleka kamati ya nidhamu anadisko, chuo ndiyo basi, na kabakiza muhula mmoja tu."

Wengi wetu ndivyo tunavyofanya. Wapo wanaomrudisha mtu arudie kimyakimya, wapo wanaojifanya hawakuona kwa sababu wamechoka, na wapo, Mungu atusamehe, wanaosema tuonane nje. Mimi nilishaapa kwamba wa kwangu watakwenda kamati, na wakifukuzwa, wafukuzwe.

Nilimwita binti. Alinipa shikamoo, nikaitikia, nikamuuliza sato wa Kimbiji siku hizi wanauzwaje. Hakuelewa. Nilipomwonyesha ukurasa wenye wekundu wa kalamu yangu, alielewa, na hakujitetea.

"Miezi yote ya fildi ulikuwa unafanya nini?"

"Mama aliungua mkono na mafuta, madam. Nikawa nakaanga mie samaki, pale kwenye meza yake. Nashinda na wale akinamama mpaka jioni. Sikupata nafasi ya kuwahoji."

Utafiti wake ulihusu maisha ya akinamama wanaokaanga samaki. Alikuwa ameketi katikati ya kitabu kizima, akakiacha, akaenda kununua cha mtu. Nilimwambia ripoti naipeleka.

Siku iliyofuata alikuja na mama yake. Hilo nalo ni la kawaida kwetu. Mwanafunzi akishikwa, anakuja mjomba, anakuja mchungaji, anakuja shehe wa mtaa. Huyu alikuwa mwanamke wa rika langu, kajitanda khanga safi, mkono wa kulia una kovu ambalo bado lilikuwa jekundu. Alikuwa amebeba hotipoti. Alipoifunua kidogo, ofisi nzima ikanukia changu wa kukaanga.

"Siwezi kupokea, mama," nilimwambia. "Watu watasema nimehongwa."

"Nimemletea mwalimu wa mwanangu," alisema. "Sikujua kama naja kwa hakimu."

Aliifunika, akaiweka sakafuni karibu na miguu yake. Nilijisikia vibaya, lakini sikuichukua.

Aliniomba kwa utulivu. Hakulia. Alisema mwanawe amekosa, na kwamba kosa ni lake pia, kwa kuwa mkono ule ndio uliomtoa mtoto kwenye masomo. Alisema nimpe adhabu yoyote ila nisimfukuzishe. Nilimweleza utaratibu kama nilivyokwisha kuwaeleza wengi kabla yake. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaitazama ripoti pale mezani.

"Basi naomba kitu kimoja, mwalimu. Aliniambiaga humo mbele kuna mahali wanaandika shukrani, na kwamba mie kaniandika. Kizungu sikijui. Naomba unisomee hapo tu, nisikie kasema nini."

Ukurasa wa shukrani hakuna anayeusoma. Hata mimi, niliyeichanachana ripoti ile kwa kalamu nyekundu, nilikuwa nimeuruka. Niliufungua. Mwandishi alimshukuru Mungu, akamshukuru msimamizi wake, kisha akamshukuru marehemu mama yake, aliyeanika dagaa juani miaka yote ili yeye asome, na aliyepumzika kabla ya kuiona siku hiyo.

Nilisoma kimya, nikarudia. Mama alikuwa amesogeza kiti na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesubiri dua. Sikuweza. Nilimsogezea binti ripoti, nikamwambia, "Msomee mwenyewe."

Nilimwona akisoma kwa mara ya kwanza ripoti yenye jina lake. Uso ulimwanguka. Nilidhani atatunga. Ilikuwa rahisi sana kutunga. Mama asingejua, na mimi, naapa, siku hiyo nisingesema neno. Alifunga ripoti, akapiga magoti pale sakafuni, kando ya hotipoti.

"Mama, hapa sikuandika mie. Sikuandika popote. Humu wameandika kwamba umeshakufa."

Mwenzangu wa ofisi, aliyekuwa akijifanya anasahihisha, aliweka kalamu chini.

Nilitegemea mama amkaripie, au alie, au aondoke. Badala yake alinigeukia mimi.

"Huyo aliyeandika, mama yake alikufa kweli?"

"Inaelekea hivyo, mama."

"Maskini. Ni nani, tumpe pole?"

Kwa mazoea tu niliivuta ripoti, nikatazama jalada. Maandishi yalikuwa ya dhahabu, makubwa, wale wa steshenari kazi hiyo wanaijua. Jina la mwanawe mama alilijua kulisoma. Aliweka kidole juu yake, akakipitisha taratibu hadi herufi ya mwisho.

"Kwa hiyo hajulikani," alisema.

"Hajulikani."

Alimtazama binti yake pale chini. "Umechukua mpaka msiba wa mtu," alimwambia, kwa sauti ya chini sana. Kisha akaokota hotipoti, akaniambia, "Nilikuja kukuomba, mwalimu. Sasa siombi tena. Wewe peleka." Aliaga vizuri, kwa adabu, na binti akainuka akamfuata.

Niliipeleka. Kwenye kikao cha kamati nilisoma mashtaka niliyoyaandika mwenyewe, kisha nikaomba asifukuzwe, asimamishwe mwaka mmoja arudi kufanya fildi upya pale kwenye meza ya mama yake. Walibishana, wakakubali. Walipotoka, mwenyekiti aliniuliza imekuwaje leo namtetea mtu niliyemshika mwenyewe, mimi ninayejulikana. Nilimwambia kwamba alipopewa nafasi ya kudanganya mara ya pili, hakudanganya. Aliuliza ni lini na mbele ya nani. Sikumweleza, kwa sababu nilijua nikianza nitalia.