Leseni ya Kubeba Wagonjwa Tu

Polisi walihesabu watu kumi na saba juu ya lori langu. Hakimu wa Tabora aliponiuliza kama ni kweli, nilisema si kweli, walikuwa kumi na tisa. Wawili walikuwa wamelala katikati ya marobota ya tumbaku, hawakuonekana.

Mahakama nzima ilicheka, isipokuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa, aliyejishika kichwa. Asubuhi ile alikuwa amenishauri vizuri sana: "Ndugu dereva, sema walidandia. Na sisi sote tutasema tulidandia." Kijiji kizima kilikuwa tayari kunisemea uongo, na niliwapenda kwa hilo. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Bibi wa miaka sabini, na mkeka wake na kapu la mchele, anadandiaje lori? Mimi ndiye niliyempandisha. Kulikuwa na msiba Igalula, nami nilikuwa napita hapo hapo kupeleka tumbaku mjini. Sijaona mtu anayewaacha waombolezaji barabarani akabaki na heshima yake. Sheria ilisema lori ni la mizigo, kwa hiyo kosa lilikuwa langu, na kosa langu siwapi wengine walibebe.

Kutoka Goweko hadi mjini sikujua mwanamke mwingine mwenye leseni ya lori. Nilijifunza katika jeshi la kujenga taifa, na niliporudi kijijini wanaume walisimama kando ya barabara kungoja nigonge mti. Walingoja miaka minne. Hakimu aliposema leseni yangu inafungiwa miezi sita, nilijua kuna watakaosherehekea, na iliniuma.

Mganga wa zahanati yetu ndiye aliyesimama akaniombea. Landrova ya zahanati haikuwa na dereva mwingine. Hakimu alifikiri, kisha akaandika hati: kwa miezi hiyo nisiendeshe gari lolote ila Landrova ya zahanati, na hiyo nayo ikiwa imebeba mgonjwa tu. Nikikutwa naendesha bila mgonjwa, leseni inafutwa kabisa.

Nilishukuru, nikatoka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipong'amua kwamba mgonjwa nikishamshusha hospitali, sina ruhusa ya kurudi.

Basi nikawa dereva anayeomba lifti kwa abiria. Kila nilipofikisha mgonjwa nilizunguka wodini na hati yangu mkononi: "Shikamoo mzee, unaruhusiwa lini?" Anayetoka akiwa bado na bandeji au kikohozi, manesi walikubali kwamba ni mgonjwa, na huyo ndiye aliyenirudisha nyumbani. Zamani watu kama hao walingoja treni, kisha wakatembea kutoka stesheni na vidonda vyao. Sasa walishushwa mlangoni kwao. Walinishukuru mno, nami sikuwaambia nani anamsaidia nani. Mara moja nilikaa siku mbili uani hospitalini, nikipika uji pamoja na jamaa za wagonjwa, nikingoja mzee mmoja wa Igalula atolewe nyuzi. Mwenyekiti alinitumia salamu kwamba barabara ni nyeupe, polisi hawapo, nije tu. Nilimjibu kwamba hakimu hakuandika "polisi wakiwepo".

Mwezi wa tano wa kifungo cha leseni, ilikuja simu kutoka stesheni ya Goweko. Mke wa jirani yangu alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya, na treni ilikuwa imeshapita. Mimi nilikuwa mjini, nimetoka kumshusha mtoto wa degedege. Nilizunguka wodi zote, hakuna aliyeruhusiwa siku hiyo. Nesi akaniambia, "Nenda tu, dada. Nani atakukamata kwa jambo kama hili?"

Nilikuwa nimeshaamua kwenda. Leseni ingefutwa, na ifutwe. Lakini sikutaka kwenda kwa kujificha. Niliiacha Landrova pale pale, nikakimbia kwa miguu hadi mahakamani.

Hakimu alikuwa anasikiliza kesi ya ng'ombe. Nilisimama nyuma, nahema. Alinitambua.

"Bibi, umefanya kosa gani tena?"

"Bado sijalifanya, mheshimiwa. Nakwenda kulifanya sasa hivi, nimekuja kukuarifu."

Nikamweleza. Karani na wenye ng'ombe walinikazia macho. Hakimu alinyoosha mkono, akaipokea hati, akayasoma aliyoyaandika mwenyewe. Kisha akainama akaongeza kwa wino: au anapokwenda kumchukua mgonjwa.

"Maneno haya nilipaswa kuyaandika siku ile," alisema. "Nenda."

Mama na mtoto walifika hospitali salama, na hilo ndilo kubwa kuliko yote. Lakini sitajifanya mnyenyekevu. Ninachopenda zaidi kukikumbuka ni kizuizi cha polisi nje ya mji, mchana ule, wakati wa kwenda. Askari wa pale walinijua, na sharti langu walilijua. Nilikuwa peke yangu, viti vyote vitupu. Nilikuwa na haraka ya kweli, lakini nilipowakaribia nilipunguza mwendo kidogo, nikafungua kioo, ili wanione vizuri.